Chini ya Malisho ya Pruitt

Kila sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akishaliwa na watoto wakianza kugombania pai ya viazi vitamu, Shangazi Ozella Rentie alikuwa na desturi ya kugonga glasi yake kwa kijiko na kusema, "Msisahau, jamani. Ya chini bado tunayo." Watu wazima waliitikia amina kwa heshima, vijana wakakonyezana. Lavonne alikuwa mmoja wa vijana hao, na alikonyeza kama wenzake. Miaka ikaenda, Shangazi akazeeka, macho yakamfifia, lakini glasi aliigonga vilevile. Alipofariki, hana mume hana mtoto, hiyo ya chini ikawaangukia Lavonne na kaka yake Thurman, sawa kwa sawa. Hapo ndipo Lavonne alipotambua kuwa hajui hata amerithi nini.

Habari zenyewe alizijua nusunusu. Babu yao, Primus Rentie, alizaliwa na watu waliokuwa watumwa wa Wakriki, taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Amerika, Oklahoma ikiwa bado haijawa jimbo. Ardhi ya taifa la Wakriki ilipogawanywa mtu mmoja mmoja, wale waliokuwa watumwa nao wakahesabiwa kuwa watu wa taifa, na Primus, mtoto anayetambaa, akapata ekari mia moja na sitini kwenye vilima vya Okfuskee. Alikulia hapo, akaoa hapo, akalima pamba hapo. Ikaja miaka ya vumbi na njaa. Pamba ikakosa bei, madeni yakamkaba koo, akamwuzia ardhi jirani yake Mzungu aliyeitwa Pruitt kwa bei ambayo mpaka leo akina Rentie huitaja kwa kutema mate. Lakini siku ya kutia sahihi alisimama akasema anauza juu tu, chini anabaki nako. Pruitt alicheka, akamwambia abaki na mawe yake. Sheria ya kule inaruhusu mambo hayo: juu pawe pa mtu mmoja na chini pa mwingine, wala wawili hao hawalazimiki hata kusalimiana. "Baba aliuza ngozi," Shangazi Ozella alikuwa akisema, "mifupa akabaki nayo." Na mifupa hiyo akamwachia yeye peke yake, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani kumwuguza.

Lavonne alikuwa mwalimu wa kuogelea kwenye bwawa la manispaa mjini Tulsa: mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mabega mapana, filimbi shingoni, na sauti ya kumbandua mtoto mwoga kutoka ukutani. Matanga ya Shangazi hayajapoa vizuri, akafuatwa hukohuko bwawani na kijana mtanashati aliyejitambulisha kwa jina la Kirby Stallcup, wakala wa kampuni ya mafuta. Kijana alikaa kwenye benchi la wazazi, akiikunja miguu ili buti zake za ngozi zisirukiwe na maji, akaeleza shida yake kwa upole. Kampuni yake inataka kukodi haki ya madini chini ya ardhi ya zamani ya Primus. Italipa fedha ya kusaini, na mafuta yakipatikana, wenye mali watapata mrabaha, yaani sehemu yao katika kila pipa litakalotoka. Karatasi hizi hapa, kalamu hii hapa.

Lavonne aliishika kalamu. Mtu haokoti embe chini ya mti wake mwenyewe akauliza limeangushwa na nani. Kwa kutaka tu kuonyesha kuwa anasikiliza, aliuliza wanakodi sehemu gani hasa.

"Yote, mama," Stallcup akajibu. "Kuanzia kwenye mizizi ya majani mpaka kitovu cha dunia."

"Mpaka wapi?"

"Kitovu cha dunia. Ndivyo ilivyo kisheria. Ya kwenu inashuka mpaka hukohuko."

Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Lakini Lavonne aligeuka akalitazama bwawa lake. Upande wa kina kirefu, pale ambapo watoto walijaribu kugusa chini na kurudi wakihema, maji hayakuzidi urefu wa mtu mmoja kumpanda mwenzake mabegani. Hicho ndicho kilikuwa kina cha maisha yake yote. Akajaribu kushuka kwa mawazo kupita vigae, kupita udongo, kupita mwamba, chini zaidi na chini zaidi mpaka kwenye moto, na kila alipofika aliambiwa ni kwako, endelea. Ngozi ikamsisimka mpaka utosini. Akairudisha kalamu. Akamwambia kijana amwachie karatasi, maana hawezi kumpangisha mtu nyumba ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuiona hata mlango.

Thurman aliposikia alimwona dada yake mpumbavu. Yeye alikuwa fundi wa majokofu ya maduka makubwa, mtu wa kazi na mkato, na jinsi alivyoona, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini nusu ilikuwa ya Lavonne, na Lavonne alikuwa ameshaulizauliza mpaka akaelekezwa kwenye ukumbi wa kanisa mmoja ambako kila Jumamosi asubuhi watu kama yeye walifundishwa mambo hayo bure.

Mwalimu wao alikuwa Dokta Imogene Tiger, mama wa Kikriki mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja, aliyezitumikia kampuni za mafuta kama mtaalamu wa miamba mpaka akastaafu, kisha akahamia upande wa pili wa meza. Wanafunzi walikuwa kinyozi, mchungaji, dada wawili wajane waliokuja na chupa ya sofki, uji mchachu wa mahindi, wakaupitisha mstari kwa mstari, na wengine wa namna hiyo, wote wamerithi kitu wasichokijua. Dokta alikuwa hapendi maneno makubwa.

"Kampuni si adui yenu, na si mjomba wenu," aliwaambia siku ya kwanza. "Ni mpangaji. Na mpangaji hupewa chumba alichoomba. Akitaka sebule, usimpe na jiko na chumba cha watoto."

Akawafundisha kwamba ardhi ina vyumba, kimoja juu ya kingine, tabaka kwa tabaka. Kampuni huja kutafuta mafuta katika tabaka moja, lakini mkataba wake hufunga milango yote mpaka chini kabisa, na kisima kimoja kikishatoa hata kidogo, milango hiyo haifunguki tena maisha ya mwenye mali yote. Kwa hiyo mwenye mali anadai kiandikwe kifungu cha kurudishiwa tabaka zisizoguswa. Akawafundisha mrabaha unaokatwakatwa gharama za kusafirisha na kusafisha mpaka unabaki makombo, na mrabaha usiokatwa. Akawafundisha pia, bila kuwaficha, kwamba anayekataa moja kwa moja anaweza kupelekwa mbele ya tume ya serikali, na tume ikaamua kumwingiza kwenye kisima kwa masharti yake yenyewe. Basi kukataa kuna mpaka, na kukubali kuna mpaka, na elimu yote ni kujua kusimama katikati.

Lavonne alijifunza kwa bidii ambayo hakuwahi kuwa nayo shuleni. Hata hivyo, neno moja halikumtoka. Siku moja wenzake walipokwisha kuondoka alimfuata Dokta akamwambia masharti ameyaelewa, lakini hicho kitu chenyewe bado hakioni. Anataka kukiona. Dokta akamwuliza ardhi ya babu yake ipo kilima gani, kisha akamwambia Jumanne avae viatu vya kufunika vidole.

Alimpeleka kwenye ghala refu la mabati nje ya mji wa chuo kikuu, mwendo wa saa mbili kusini. Humo ndani yalikuwa mashelfu kutoka sakafuni hadi paa, na katika kila shelfu masanduku, na katika kila sanduku jiwe. Yalikuwa mawe yaliyokatwa na mitambo ya kuchimba miaka nenda rudi na kupandishwa juu mazimamazima, kama magogo membamba, kila moja limeandikwa limetoka wapi na kina gani. Ilikuwa nchi nzima imewekwa rafuni, ile iliyo chini ya nchi. Dokta alizungumza na mlinzi, wakaletewa sanduku la kisima kilichochimbwa zamani upande wa pili wa barabara kutoka kwenye ardhi ya Primus.

"Tabaka ni hilohilo," Dokta akasema. "Halijui mipaka ya mashamba. Shika."

Jiwe lilikuwa jeusi, zito, la baridi. Lilikuwa limetoka kilomita mbili chini. Dokta alilinyunyizia maji, na likatoa harufu, si kali, harufu ya lami mpya barabarani mvua inapoanza kudondoka. Akampa lenzi. Lavonne akaona kwamba weusi ule haukuwa weusi mmoja, bali nyuzi kwa maelfu, nyembamba kuliko karatasi, zimelaliana bila hata moja kukatika.

Dokta akamweleza taratibu, kama bibi anayemweleza mjukuu habari za ukoo. Hapa palikuwa bahari. Haikuwa bahari ya mawimbi na kelele, ilikuwa bahari iliyotulia, ambayo chini yake hapakuwa na hewa, kwa hiyo hapakuwa na kiumbe wa kuchimbua wala kuvuruga. Juu waliishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Walikufa, wakaanguka, polepole kama vumbi linavyotua kwenye chumba kilichofungwa. Wala hapakuwa na mtu. Hapakuwa na ng'ombe, ndege, ua wala jani moja la nyasi duniani kote, maana nyasi zilikuwa bado hazijaumbwa.

"Weka kidole chako hapo," akasema. "Unene wa kidole hicho ni miaka mingi kuliko yote tangu binadamu aanze kuandika."

Lavonne aliweka kidole. Kisha akakitazama kidole chenyewe, akakitazama kigogo cha jiwe, akalitazama sanduku, akayatazama masanduku mengine ya kisima hicho hicho yaliyopangwa mbele yake. Kwenye kipande kimoja kulikuwa na doa linalong'aa kama mkaa. Dokta alimwambia hilo ni gogo, kipande cha mti wa misitu ya kwanza kabisa, uliong'oka mtoni, ukaelea mpaka katikati ya bahari, ukazama. Mti ule ulizama, na hakuna jicho lililouona mpaka mtambo ulipoutoa.

Mwanamke huyu, aliyetumia nusu ya maisha yake kuwashawishi watoto wavuke bwawa kutoka ukuta hadi ukuta, aliuliza bahari hiyo ilikuwa na ukubwa gani. Dokta akasema ungeweza kuogelea kutoka pale waliposimama mpaka ng'ambo ya Texas usiguse chini.

Machozi yalimtoka, na hakujua ni ya nini. Hayakuwa ya huzuni. Alihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango wa kanisa gizani, asione ukuta wala dari, ila akisikia tu pumzi yake inavyokwenda mbali na kurudi. Dokta Tiger alifunika sanduku na kusema kwamba yeye mwenyewe, mara ya kwanza, alikaa sakafuni.

Baada ya hapo Lavonne aliona hawezi kukodisha ya chini bila kukanyaga ya juu. Alimpigia simu Hollis Pruitt, mjukuu wa yule mnunuzi, mfugaji wa ng'ombe mwenye miaka sabini na zaidi, akaomba ruhusa. Jibu lilikuwa fupi: lango halifungwi.

Alimkuta amesimama karibu na gari lake la mizigo, mrefu, mkavu kama ufito, kofia imeshuka machoni.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwenye nyumba wa chini," akasema.

"Ndiyo mimi, Bwana Pruitt. Na wewe ndiye unayenikanyaga kichwani miaka yote."

Mzee hakucheka, ila kofia ilipanda kidogo. Akamfungulia mlango wa gari.

Walivuka malisho mpaka kwenye kilima chenye mierezi. Njiani Lavonne aliona vijiti vimechomekwa ardhini, vimefungwa utepe wa waridi unaopepea. Pruitt alieleza kuwa wapimaji wa kampuni walikuja wiki iliyopita, wakachagua hapo pawe uwanja wa mtambo: ekari kadhaa za kokoto, barabara ya malori, matangi. Kisheria mwenye chini ana haki ya kupita juu, na mwenye juu hana uwezo wa kumzuia. Atalipwa fidia ya majani, basi.

Hatua chache kutoka kwenye vijiti, chini ya jabali la mchanga, ilitoka chemchemi. Maji yalikuwa membamba kama mkono wa mtoto, na baridi ya kuumiza meno. Pruitt alisema haijakauka hata kiangazi kile ambacho mito mikubwa ilibaki njia za vumbi, na ng'ombe wake wote wanaitegemea hiyo. Lavonne alichota kwa viganja, akanywa.

Halafu mzee akatembea mbele kidogo, akavua kofia. Ndani ya mierezi kulikuwa na uzio wa waya, wa zamani lakini umekazwa, na ndani ya uzio mawe ya kawaida ya shambani yamesimamishwa wima, mengine yameinama, hayana jina hata moja.

"Watu wako," akasema. "Mama mzaa babu yako yumo, na wengine wengi. Primus alimwomba babu yangu ng'ombe wasipakanyage. Babu akamwambia baba, baba akaniambia mimi. Waya huu nimeubadilisha mwenyewe mara mbili."

Lavonne hakuwa amesikia habari ya makaburi maisha yake yote. Labda Shangazi Ozella aliondoka pale mdogo mno, au labda yalimwuma mno kuyasema. Aliingia ndani ya uzio, akapiga magoti, akayagusa mawe yote, moja moja. Aliwaza kwamba watu hawa walilala katikati: juu yao nyasi za mtu mwingine, chini yao bahari yao wenyewe. Alipotoka, alimwuliza mzee kwa nini hakumwomba chochote.

"Sikuombi kitu, mama. Babu yangu hakumwonea huruma babu yako kwenye ile bei, najua. Nimekuonyesha tu vijiti viko wapi."

Usiku huohuo hakuweza kuyasema, kwa hiyo alimwita Thurman Jumapili baada ya ibada, akamkaangia kambare na kumweleza yote. Thurman alikula akisikiliza. Alipomaliza alifuta mikono, akasema makaburi ni sawa, kampuni isiyasogelee. Lakini chemchemi inamhusu nini?

"Wale watu walichukua ekari zetu kwa bei ya nyumbu wawili, dada. Tumekaa miaka themanini tukisubiri zamu yetu. Leo zamu imefika, wewe unamhurumia ng'ombe. Mwache aonje."

"Nimeyanywa yale maji, Thurman."

"Ukinywa maji ya mtu ndiyo tayari mmeshakuwa ndugu?"

"Hapana. Lakini Babu hakubaki na maji. Hakubaki na majani. Alibaki na ya chini, na alisema hivyo mbele ya watu. Mimi nataka ya chini yote, tone kwa tone, wasinikate hata senti. Ya juu si yangu. Nikiiharibu kwa sababu tu naweza, nitakuwa nimemzidi nini yule aliyemcheka Babu?"

Thurman alisema maneno hayo yangefaa kwenye mimbari. Akaondoka amenuna. Lakini katikati ya wiki aliendesha gari peke yake mpaka Okfuskee bila kumwambia mtu, na aliporudi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema atatia sahihi pale dada yake atakapotia, ila mtu asidhani kwamba anampenda Pruitt.

"Hujaombwa kumpenda," Lavonne akamwambia.

Stallcup alipokuja tena, aliketi kwenye meza ya jikoni, akapewa chai baridi ya sukari, na akasomewa masharti. Ukodishaji uwe wa mwamba mweusi peke yake. Tabaka nyingine zote, za juu yake na za chini yake, zirudi kwa wenyewe. Mrabaha usikatwe gharama. Na mtambo usiwekwe juu ya ardhi ya Primus hata kidogo: uchimbe kwa ubavu, chini kwa chini, kutoka shamba la kaskazini, ambako kampuni ilikuwa tayari na uwanja wake. Kijana aliweka glasi chini. Alisema kwa adabu kwamba hajawahi kuona mwenye madini anayetetea majani ya mtu mwingine, na kwamba ofisi yake inaweza kwenda kwenye tume. Lavonne akajibu kwamba anajua, na kwamba huko tume wataonana. Moyo ulikuwa ukimdunda kama wa mtoto aliyesimama kwenye ubao wa kurukia, lakini aliwafundisha wengi kwamba mwili hutii sauti, basi sauti yake akaituliza.

Ukafuata ukimya, na kimya kingi kina mshindo. Lavonne aliamka akijiuliza kama ameichezea bahati ya ukoo mzima. Dokta Tiger hakumpa ahadi. Alimwambia tu kwamba sehemu yao ni kubwa kiasi kwamba kampuni ingependa kuwa nao mezani kuliko kwenye shauri. Hatimaye simu ililia. Kampuni imekubali kuja kwa ubavu. Imekubali mrabaha usiokatwa. Tabaka nyingine zitarudi, lakini baada ya miaka mitatu, si mara moja, na fedha ya kusaini itapungua. Lavonne na Thurman walikaa, wakapima, wakaona wamepata zaidi ya walichopoteza. Wakasaini. Pruitt alipopigiwa simu na kupewa habari alisema, "Unajua umeninyima fidia yangu."

"Najua."

"Basi vizuri," akasema, akakata. Kesho yake vijiti vya waridi havikuwepo, alikuwa amevichoma.

Kisima kilichimbwa majira ya machipuko. Dokta Tiger alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani kwenye mtambo ule, na huyo akamjulisha siku ambayo keekee ingepita chini ya ardhi ya Primus. Basi mchana huo walikusanyika malishoni: Lavonne, Thurman, Dokta, na mzee Pruitt aliyeleta viti vya kukunja pamoja na kuku wa kukaanga, na Thurman akamkubalia paja bila kumtazama usoni. Mbali, nyuma ya mialoni, ulionekana mnara wa mtambo, mdogo kama sindano. Dokta alieleza jinsi bomba linavyoshuka kilomita mbili wima, kisha likakunja kiwiko taratibu na kutembea ubavuubavu ndani ya tabaka jeusi lisilozidi urefu wa mnara wa kanisa, bila kugonga dari wala sakafu, likiongozwa na watu waliokaa chumbani wakitazama kioo.

"Na hapa tutasikia?" Pruitt akauliza.

Dokta alisema hapana. Lakini mzee hakuridhika. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti, akalala kifudifudi na kuweka sikio kwenye nyasi. Walimtazama. Ng'ombe nao walimtazama. Thurman alivumilia, halafu naye akaweka sahani chini, akalala upande wa pili, sikio ardhini, uso kwa uso na mzee.

"Unasikia nini?" Lavonne akauliza.

"Magoti yangu," Pruitt akasema.

"Mimi nasikia tumbo lake," akasema Thurman.

Wakacheka wote, hata wale wawili waliolala chini. Walikuwa bado wanacheka simu ya Dokta ilipoita. Alisikiliza, akashukuru, akaiweka mfukoni.

"Imeshapita," akasema. "Ilipita hapa wakati tunakula."

Thurman hakunyanyuka, ila alitandaza kiganja chake kwenye nyasi, taratibu, kama mtu anayemgusa mgonjwa aliyelala. Lavonne alisimama, akatazama pale miguuni pake. Hapakuwa na ufa, wala mtetemo, wala unyasi mmoja uliotikisika. Lakini kule chini kabisa, katika giza lililotulia tangu kabla ya nyasi ya kwanza, kitu kilikuwa kimegusa maji ya ile bahari ya kale, yaliyonaswa ndani ya jiwe, na maji yale, kwa mara ya kwanza tangu yafunikwe, yalikuwa yameanza kusogea. Alisimama hapo muda mrefu, filimbi yake imelala kifuani, akiogopa hata kuhamisha mguu.